Usiniambie nimekosa, nionyeshe nilipopotea

Ukijiandikisha leo kwenye kozi ya mtandaoni ya kuandika programu za kompyuta, utasahihishwa na mashine. Unaandika jibu, unabofya kitufe, na papo hapo linakuja tangazo lenye rangi: majaribio saba umepita, matatu umefeli. Iwe saa nane za usiku, iwe sikukuu, msahihishaji huyo yupo kazini. Mimi nafundisha darasa la jioni la watu wazima. Wengi wanakuja wakitoka kazini, na daima ni wengi kuliko muda nilio nao, kwa hiyo thamani ya msaada huo naijua na siwezi kuibeza.

Ila rangi nyekundu haifundishi. Inahukumu. Mwanafunzi aliyefeli majaribio matatu ameambiwa kitu ambacho mara nyingi alishakihisi mwenyewe. Anachohitaji kujua ni mahali gani hasa alichokuwa anakiwaza kiliachana na kile kompyuta ilichokuwa inakifanya. Mwalimu akikaa pembeni yake atapaona hapo upesi, atachukua kalamu, atachora visanduku na mishale, na mwanafunzi ataitikia "aaa!" kwa ile sauti ambayo kila aliyewahi kufundisha anaijua. Je, mashine nayo inaweza kuchora? Kuna watafiti wa sayansi ya kompyuta waliolitolea swali hili miaka yao, wakiunganisha fani mbili ambazo kwa kawaida hukaa mbalimbali: uchoraji wa data, na ufundishaji wa mtandaoni unaoendeshwa na mashine. Kwangu mimi kazi yao ndiyo yenye maana kuliko yote yanayosemwa kuhusu elimu ya mtandaoni, na kwa Kiswahili haijaandikwa inavyostahili.

Tuanze na mistari minne ya Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu.

alama = [54, 61, 70]
nakala = alama
nakala.append(82)
print(alama)

Mwulize mtu aliye kwenye mwezi wake wa kwanza mstari wa mwisho utachapisha nini. Wengi watajibu 54, 61, 70. Wala si uzembe, wana hoja. Ukitoa nakala ya cheti cha kuzaliwa pale steshenari kisha ukaichorachora kwa kalamu, cheti chenyewe hakiguswi. Sasa hii 82 imeongezwa kwenye nakala, alama itaguswaje? Lakini kompyuta inachapisha 54, 61, 70, 82, na mwanafunzi ananigeukia: "Madam, mbona na hii imebadilika? Mimi sijaigusa!"

Kilichotokea ni kwamba mstari wa pili haukutoa nakala ya kitu chochote. Orodha ni ile ile moja iliyoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ulichofanya ni kuipa jina la pili. Ukiiongezea namba kupitia jina hili, kupitia jina lile nako utaiona, kwa sababu ni kitu kimoja.

Jambo hili nimelieleza kwa maneno kwa kila namna ninayoweza, na nimegundua kwa nini maneno yanateleza. Mwanafunzi ananisikiliza huku tayari ana picha yake kichwani, na picha hiyo ina orodha mbili. Kila sentensi yangu anaipachika kwenye picha hiyo yenye kosa, na inakaa vizuri tu. "Ndiyo, Madam, nimeelewa." Kumbe kilichoeleweka ni kingine kabisa. Hapo inabidi picha nyingine iwekwe mbele ya macho yake, aione ikitofautiana na aliyo nayo.

Mwaka 2010 Philip Guo, wakati huo akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kutengeneza chombo cha kufanya hivyo. Kinaitwa Python Tutor. Unaandika programu yako fupi kwenye kivinjari, unabofya, na ukurasa unagawanyika. Kushoto kuna msimbo wako, yaani mistari uliyoiandika, pembeni yake mishale miwili: wa kijani unaonyesha mstari uliokwisha kutekelezwa, mwekundu unaonyesha unaofuata. Kulia ndiko kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, imechorwa. Kwenye mistari yetu minne, hatua ya kwanza inaonyesha jina "alama" na mshale unaotoka kwake kwenda kwenye orodha yenye visanduku vitatu. Unabofya mara moja mbele. Linatokea jina "nakala" chini yake, na mshale wake unakwenda kwenye orodha ile ile. Hakuna orodha ya pili iliyochorwa popote. Unabofya tena, na kisanduku cha nne chenye 82 kinaota mwishoni mwa orodha hiyo moja, mishale yote miwili ikiwa bado imeielekea.

Sihitaji kusema kitu. Darasani huwa kunatokea kimya kifupi, kisha mtu anasema "kumbe ni kitu kimoja", na mwenzake wa pembeni ameshaanza kuuliza nakala ya kweli inatolewaje. Swali hilo la pili ndilo ninalolitafuta, na halijawahi kuletwa na rangi nyekundu.

Ndani yake chombo hiki kimejengwa kwa namna ninayoipenda sana. Programu yako inapelekwa kwenye seva, inaendeshwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya kila mstari seva inaandika kumbukumbu ilivyo wakati huo: majina gani yapo, yanaelekea wapi, funksheni gani (kipande cha programu chenye jina lake) imeitwa. Rekodi hiyo yote inarudishwa kwako kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana unaweza kurudi nyuma, jambo ambalo kompyuta yenyewe hailiwezi: hatua unazotembea zimeshapita, unachokitazama ni rekodi yake. Kwetu sisi kuna faida nyingine hapo. Rekodi ikishafika, kwenda mbele na kurudi nyuma hakuombi tena mtandao, kwa hiyo bando likiisha katikati ya maelezo hatua bado zipo kwenye skrini. Chombo hiki ni cha programu fupi za kujifunzia, si cha mfumo wa benki, na ni sawa kabisa, kwa maana anayeanza haandiki mfumo wa benki. Leo kinachora pia Java, C, C++ na JavaScript, na kimetumiwa na mamilioni ya watu katika nchi zaidi ya 180. Guo sasa ni profesa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego.

Wazo la kuifanya kompyuta ijichore yenyewe ili ifundishe ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer na wenzake walianzisha PLATO, mfumo wa kufundisha kwa kompyuta. Walitaka mwanafunzi aone michoro, si maandishi matupu, lakini kumbukumbu ya kompyuta ya wakati ule ilikuwa ghali mno kuweza kuushikilia mchoro kwenye skrini ya kawaida. Mwaka 1964 Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson wakabuni skrini inayoushikilia mchoro yenyewe bila kukumbushwa kila mara. Ndiyo skrini ya plazma. Miaka mingi baadaye watu walizitundika sebuleni kutazama mpira, na chimbuko lake ni haja ya mwalimu kumchorea mwanafunzi.

Mwaka 1981 Ronald Baecker wa Chuo Kikuu cha Toronto alitoa filamu ya nusu saa hivi inayoonyesha algoriti tisa, yaani njia tisa za hatua kwa hatua, za kupanga data zikishindana, vitone vikitafuta nafasi zake, moja ikimaliza mapema na nyingine ikijikokota. Pale Chuo Kikuu cha Brown, Marc Brown na Robert Sedgewick walijenga BALSA, mfumo uliomwezesha mwanafunzi kuziona algoriti zikitembea kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Kwa miaka kama 20 baada ya hapo maabara nyingi zilitengeneza michoro ya namna hii, mingine mizuri ajabu. Kila mmoja aliamini kwamba mwanafunzi akiona, ataelewa.

Mwaka 2002 Christopher Hundhausen, Sarah Douglas na John Stasko walichapisha uchambuzi wa majaribio 24 yaliyokwisha kufanywa kupima kama michoro hiyo inasaidia kweli. Majibu yalichanganyika: mara inasaidia, mara haileti tofauti. Walipochimba kujua tofauti inatoka wapi, walikuta kwamba ubora wa mchoro haukuwa na uzito kama kile mwanafunzi anachokifanya nao. Aliyekaa akatazama hakupata kitu kikubwa. Aliyetakiwa kubashiri hatua inayofuata, kujibu maswali, kuingiza data yake mwenyewe au kuuchora mwenyewe, huyo ndiye aliyefaidika. Namheshimu sana Stasko kwa kazi hii. Alikuwa mmoja wa wajenzi wakubwa wa mifumo ya michoro hiyo, na aliweka jina lake kwenye makala inayosema kwamba michoro peke yake haitoshi.

Ndilo lililobadilisha darasa langu. Projekta inaonyesha mistari minne, mchoro bado umefichwa, na hakuna anayebofya mpaka kila mtu amechora kwenye daftari lake kumbukumbu itakavyokuwa baada ya mstari wa tatu. Natembea kati ya madawati nikiangalia madaftari. Hapo naona kila kitu: orodha mbili, orodha moja yenye mishale miwili, wengine wamechora mshale kutoka "nakala" kwenda kwenye neno "alama" kama vile jina linaelekea kwa jina. Huyo wa mwisho ana kosa tofauti kabisa na yule wa orodha mbili, ingawa mashine ingewapa wote alama sawa ya kufeli. Halafu tunabofya. Anayeona mchoro wa kompyuta ukipingana na mchoro alioutoa mkononi mwake anaukumbuka mpaka mwisho wa muhula.

Kuna kazi nyingine inayoniunga mkono, na hii ina namba. Mwaka 2011 Kurt VanLehn wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona alikusanya tafiti zilizolinganisha ufundishaji wa ana kwa ana na ule wa kompyuta, akazipima kwa kipimo ambacho sifuri maana yake hakuna tofauti na mtu aliyesoma bila msaada huo. Mwalimu binafsi alipata 0.79. Kabla ya hapo dunia ya elimu ilikuwa ikiamini mwalimu binafsi anafikia 2, kwa sababu ya makala mashuhuri ya Benjamin Bloom ya 1984, kwa hiyo hata namba hii iliwashtua wengi. Lakini angalia upande wa mashine. Mifumo inayosahihisha jibu la mwisho tu ilipata 0.31. Ile inayomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua ilipata 0.76, karibu sawa na binadamu aliyekaa pembeni.

Mwanya ulioko kati ya 0.31 na 0.76 ndio ninaouzungumzia tangu mwanzo. Kozi nyingi za mtandaoni zinazouzwa leo, pamoja na mwonekano wake mzuri, ziko kwenye ile 0.31: jibu, rangi, swali linalofuata. Teknolojia ya kufika 0.76 ipo siku nyingi. Sababu ya kutotumika ni gharama, kwani kutunga majaribio kumi ni kazi ya mchana mmoja, ilhali kumfuata mwanafunzi hatua kwa hatua kunadai utafiti juu ya kila somo.

Mpaka hapa nimemzungumzia mwanafunzi. Mwalimu wa mtandaoni naye ni kipofu kwa namna yake, na uchoraji wa data umemsaidia kwa njia nyingine.

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi yao ya akili bandia pale Stanford kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Muhula huo huo Andrew Ng alifungua ya kwake ya ujifunzaji wa mashine, nayo ikapata zaidi ya 100,000. Fikiria wewe ndiye mwalimu. Wanafunzi wako wamewasilisha kazi zaidi ya milioni moja za programu. Utazisomaje? Ukisoma wastani peke yake umedanganyika. Francis Anscombe alilionyesha hilo mwaka 1973 kwa makundi manne ya data, kila moja lina vitone 11, wastani sawa, mtawanyiko karibu sawa, na ukivichora unapata maumbo manne yasiyofanana hata kidogo. Darasa lenye wastani wa 55 linaweza kuwa darasa la watu wa 55. Linaweza pia kuwa nusu ya watu wa 90 na nusu ya watu wa 20, na masomo wanayohitaji wiki ijayo ni mawili tofauti.

Watafiti wa Stanford, Jonathan Huang, Chris Piech, Andy Nguyen na Leonidas Guibas, walichukua kazi za kozi ya Ng na kuzichora. Mchoro wao mmoja unahusu swali moja tu, na una kazi zaidi ya 40,000. Kila kazi ni kitone. Kazi mbili ambazo msimbo wake unafanana zimeunganishwa kwa mstari, na rangi inaonyesha matokeo ya majaribio. Unachokiona ni kitu kama ramani ya visiwa. Kuna kisiwa kikubwa cha waliopata, na humo ndani vijiji vya njia tofauti za kupata. Kuna visiwa vya waliokosa, na hapo ndipo penye habari kubwa, kwa kuwa makosa hayakutawanyika ovyo kama mchanga. Yamejikusanya. Maelfu ya watu wasiofahamiana, katika mabara tofauti, wamekosea kosa lile lile kwa njia ile ile.

Maana yake kwa mwalimu ni kubwa. Makosa yakijikusanya, huhitaji kuandika maoni 40,000. Unasoma kazi moja kutoka kisiwa kimoja, unaandika maelezo yanayogusa chanzo cha kosa hilo, na mashine inayafikisha kwa wote wa kisiwa hicho. Maneno ni ya mwalimu, kazi ya mashine ni kuyasambaza. Mgawanyo huo wa kazi naukubali bila kusita.

Mwaka 2015 Elena Glassman wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, pamoja na wenzake akiwemo Guo, walitoa OverCode, chombo cha kumsaidia mwalimu kusoma kazi nyingi kwa pamoja, na humu mna ufundi unaostahili kutazamwa kwa karibu. Chukua swali la kukokotoa namba kwa kipeo kwa kutumia kitanzi, yaani mistari inayorudiwa-rudiwa. Mwanafunzi mmoja anayaita majibu yake "jibu", mwingine "x", wa tatu "matokeo_ya_mwisho". Mmoja kaacha nafasi, mwingine kajaza maelezo kila mstari. Kwa jicho ni kazi tatu tofauti, kwa maana ni kazi moja. Kompyuta itajuaje? OverCode inaziendesha zote kwa data ile ile na kurekodi thamani ambazo kila jina linapitia. Kama "jibu" lilianza 1, likawa 3, likawa 9, likawa 27, na "x" ya mwenzake nayo ikapita 1, 3, 9, 27, basi hayo ni majina mawili ya jambo moja, na yanapewa jina moja la pamoja. Baada ya usafi huo, kazi zenye mistari inayolingana zinarundikwa pamoja, na mwalimu anaona mrundo mkubwa juu, midogo chini, mistari inayotofautisha mrundo na mrundo ikiwa imeangaziwa. Kazi maelfu zinakuwa kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukisoma kwa kituo. Utaona msingi ni ule ule wa Python Tutor: kinachoaminiwa ni rekodi ya programu ikiendeshwa, kwa sababu sura ya msimbo inaweza kudanganya.

Kuhusu zile kurasa za takwimu ambazo mifumo ya kufundishia huwapa walimu, zilizojaa maduara yaliyogawanywa vipande vya rangi, nitasema kifupi. William Cleveland na Robert McGill walipima mwaka 1984 jinsi macho yanavyosoma michoro, wakakuta kwamba tunalinganisha vizuri nafasi ya vitu kwenye mstari mmoja wa kipimo, na vibaya zaidi pembe na maeneo. Vipande vya duara ni pembe na maeneo. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado tunaletewa maduara.

Video nazo zina habari yake. Mwaka 2014 Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Video fupi zilishika watu zaidi, na baada ya dakika kama 6 uvumilivu unakwisha hata video iwe ndefu kiasi gani. Mwalimu anayechora kwa mkono huku akiongea aliwashika watazamaji kuliko slaidi zilizotulia. Sikushangaa.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ni mwingine. Mwaka 2018 Guo alichapisha matokeo ya maswali aliyowauliza watumiaji wa Python Tutor ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Walijibu watu 840 kutoka nchi 86, wenye lugha za mama 74. Walieleza shida za kusoma mafunzo, za kuuliza maswali, za kusoma na kuandika msimbo wenyewe, na mzigo wa kujifunza Kiingereza na kompyuta kwa wakati mmoja. Walipoulizwa wanataka nini, waliomba Kiingereza chepesi kisicho na misemo ya mitaani ya wenye lugha hiyo, kamusi zilizomo ndani ya mafunzo, mifano isiyotegemea utamaduni wa nchi moja, na michoro zaidi.

Nilipousoma niliwaona wanafunzi wangu. Nina mtu mzima, fundi mzuri wa umeme, mwenye akili ya mantiki ambayo ningependa kuwa nayo. Kosa likitokea kompyuta inamwandikia mistari sita ya Kiingereza, na anaanza kuamini kwamba hana kipaji, wakati kilichomzuia ni mistari ile sita. Mbele ya mchoro wa mishale mtu huyo huyo yuko sawa na yeyote. Anaufuata mshale kama anavyofuata waya, anasema "hapa imekatika", na pamekatika kweli.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa maandishi, na wanafunzi wangu wanazitumia, baadhi yao kwa Kiswahili. Zinasaidia, hasa kwa kuondoa aibu ya kuuliza. Lakini zinaongeza maneno pale ambapo shida haikuwa upungufu wa maneno, na maelezo yake yanaweza kuwa ya uongo yakiwa yamevaa lugha fasaha. Mchoro uliotokana na kuendesha programu hauna nafasi ya kubuni. Ukisema mishale miwili inaelekea orodha moja, ni kwa sababu programu imeendeshwa na ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo sharti langu darasani ni kwamba maelezo yoyote uliyopewa na akili bandia unayapeleka kwenye mchoro kuyapima, na yakipingana, mchoro ndio unaosikilizwa.

Kwa wale wanaotengeneza kozi za kompyuta kwa Kiswahili, na najua mpo kwa kuwa baadhi yenu mmeniandikia, ombi langu ni moja na halihitaji fedha nyingi. Python Tutor inaweza kupachikwa ndani ya ukurasa wako bila malipo. Ipachike. Kabla ya kitufe cha kusonga mbele weka kisanduku kinachouliza kwa Kiswahili: mshale wa "nakala" utaelekea wapi? Mchoro usifunguke mpaka mtu amejibu. Kisha hifadhi majibu hayo, hata yaliyokosewa, hasa yaliyokosewa, na wiki ikiisha yapange kwa makundi uone watu wako wamejikusanya kwenye visiwa vipi.

Mimi kwa upande wangu nimeubadilisha mtihani wa muhula ujao. Swali la kwanza halina msimbo wa kuandika. Lina mistari kama ile minne, nafasi tupu ya nusu ukurasa, na maelekezo: chora kumbukumbu ya kompyuta ilivyo baada ya mstari wa tatu, kisha eleza kwa Kiswahili ungebadilisha mstari gani ili 82 isionekane kwenye "alama". Majibu nitayasahihisha mwenyewe, kwa kalamu.